Seva Iliyomjua Mwanapili Mmoja Tu

Katika hoteli moja ya ufuo wa Galu kuna kabati la vitu vilivyosahauliwa na wageni, na sheria yake ni fupi: kitu kikikaa humo miezi sita bila mwenyewe kukiulizia, hupewa mfanyakazi aliyekiokota. Kwa sheria hiyo watunza vyumba wa hoteli ile wamevaa miwani ya jua ya Wajerumani, wamejipulizia manukato ya Wafaransa, na mmoja wao, Jacktone, anavyo viatu vya kupandia milima ambavyo huenda navyo kanisani Ukunda, mahali ambapo hata kichuguu ni cha kutafutwa. Twaiba naye, zamu yake ilipofika, alikabidhiwa kitabu.

Kilikuwa kitabu cha kurasa mia tisa na ushei, chote Kiingereza, na kilifundisha kutengeneza tovuti. Wala si ule upande wa tovuti wenye rangi na picha, ambao angalau mtu angeutazama akafurahi. Kilifundisha upande wa nyuma, wa seva, kule ambako mwenye kutembelea tovuti hafiki na hajui kama kupo. Wenzake walicheka hadi wakashika kuta. Eddah, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa amepata mkufu, alimpa Twaiba mkono wa pole kama mtu aliyefiwa.

Tuseme ukweli, Twaiba hakukipeleka kitabu kile chumbani kwake kwa kupenda elimu. Alikipeleka kwa sababu walimcheka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa upande wa Msambweni, aliyemaliza kidato cha nne na alama ambazo hakumwonyesha mtu, na ubishi wake ulijulikana hotelini kote. Ukimwambia Twaiba kwamba shuka hili doa halitoki, doa hilo litatoka hata kama shuka litabaki nyuzi.

Sura ya kwanza hakuielewa. Sura ya pili aliielewa kidogo kuliko ya kwanza. Alisoma kwa kamusi ya simu, neno kwa neno, na mara nyingi alipolifikia neno la mwisho wa sentensi la mwanzo lilikuwa limeshamtoka. Aliyemsaidia kuvuka hapo ni Gedion wa mapokezi, kijana wa Kisii aliyesomea kompyuta kidogo huko kwao, ambaye alimwazima laptopu yake kuukuu. Betri ya laptopu hiyo ilikufa zamani, kwa hiyo ukichomoa waya, kila kitu kinazima pamoja na matumaini yako.

"Twaiba, usicram maneno," Gedion alimwambia. "We jiulize tu, hapa nani anaomba na nani anajibu. Hiyo ndiyo stori yote."

Maneno hayo Twaiba aliyabeba siku nzima akitandika vitanda. Alasiri, mgeni mmoja akapiga simu mapokezi kuomba taulo. Mapokezi wakamtuma Twaiba stoo, Twaiba akachukua taulo, akagonga mlango, akampa mgeni, mgeni akasema ahsante na kufunga. Twaiba akabaki ukumbini na ufagio mkononi. Mgeni hajui stoo iko wapi, wala funguo anazo nani, wala kwamba taulo zilizobaki ni chache. Yeye aliomba, akajibiwa. Kumbe seva ni sisi, alijiambia, na akacheka peke yake hadi mgeni akafungua mlango tena kutazama kuna nini.

Tangu siku hiyo kitabu kililainika. Pale kilipoeleza jinsi seva inavyomkumbuka mtu aliyekwisha kuingia, hakuhitaji kusoma mara mbili. Ni ule mkanda wa mkononi wanaofungwa wageni waliolipia kila kitu, ukiuonyesha baa huulizwi swali. Na pale kilipoonya kwamba usiamini kila kinachotumwa na mtu wa nje, alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mwenye uzoefu, maana amewahi kuambiwa na mgeni kwamba chumba hakikuwa na taulo hata moja, na taulo zote zimo begini mwake.

Mvua za Aprili zilipoanza, watalii wakaadimika na hoteli ikawapumzisha nusu ya wafanyakazi. Twaiba alifunga mzigo wake, kitabu na laptopu vikiwa katikati ya kanga vikavu, akarudi kijijini kwa bibi yake.

Bibi huyo, mzaa mama, jina lake Mwanapili Boga. Alikuwa mzee mwembamba, mkali wa maneno na mwepesi wa kicheko, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akiona mwanga na vivuli tu. Hata hivyo alipika mwenyewe, alifagia mwenyewe, na mtu akimpita bila salamu alimtambua kwa nyayo na kumtangaza kijiji kizima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Wamekufukuza?"

"Hawakunifukuza. Wageni hawako, tumepumzishwa."

Bibi alinyoosha mkono akapapasa mzigo, akakigusa kitabu, akakipima uzito. "Na tofali hili unajenga wapi?"

"Ni kitabu, bibi. Cha kompyuta."

"Nilidhani cha dini. Basi usikiweke karibu na Msahafu, kisije kikajiona."

Sasa, jambo lililomkaa Twaiba rohoni ni macho yale. Mtoto wa jicho hutibika, na bibi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa aliambiwa kila mwaka. Mara moja kwa mwaka madaktari wa macho huja kwenye kituo cha afya cha pale kijijini, hukaa siku mbili, hupima watu, hupasua, huenda zao. Mwaka uliopita bibi alikwenda. Alipewa karatasi yenye nambari, akakaa kwenye benchi tangu alfajiri, na ilipofika adhuhuri mtu mmoja akapaza sauti: "Mama themanini na saba, sogea pale!" Bibi akauliza themanini na saba ndiye nani. Akaambiwa ni yeye. Akasimama, akaiacha karatasi yake juu ya benchi, akarudi nyumbani kwa kupapasa ua.

"Mimi nina jina," alimwambia kila aliyekuja kumsihi. "Nilipewa na babangu, akanichinjia mbuzi. Nambari wape ng'ombe wa mnadani."

Ndugu waliomba, wakakasirika, wakanyamaza. Bibi alikula kiapo kwamba hatakaa tena kwenye foleni ile mpaka anaingia kaburini, na wote waliomjua walijua kwamba kiapo hicho hakitanguki kwa maneno. Ndipo Twaiba, aliyekuwa amefika sura ile ya kitabu inayofundisha kuandikisha watu, akapata wazo. Alikwenda kituoni kwa Sista Concepta, muuguzi aliyetoka Busia zamani na akaolewa na kazi ya Pwani, akamwambia kwamba mwaka huu anaweza kumtengenezea tovuti ya kujiandikisha. Watu watajaza kwa simu majumbani, asiye na simu atajaziwa pale kituoni, na siku yenyewe kila mtu ataitwa kwa wakati wake bila kulala kwenye benchi.

Sista Concepta alimtazama mikono. "Wewe si ndiye unatandika vitanda kule Galu?"

"Ndiye mimi."

"Basi afadhali. Wale wataalamu waliotuahidi hiyo tovuti tangu zamani, hata shuka hawajui kukunja." Akakubali.

Twaiba akarudi nyumbani, akakaa mbele ya bibi yake, akamshika mikono. "Bibi, nikikwambia kwamba hutapewa nambari, utakwenda? Utaitwa jina lako kamili, ulilopewa na babako. Nitaiandika mimi hiyo mashine kwa mkono wangu."

Bibi aliitoa mikono yake. "Na wasiponiita?"

"Watakuita."

"Wasiponiita, Twaiba, usinitajie macho tena. Wewe wala mamako."

"Wakiacha kukuita, sitayataja."

Ahadi hiyo ndiyo iliyomponza. Kitabu kilikuwa kimeshauri, tena kwa herufi nzito, kwamba kila mtu anayeandikishwa apewe na seva nambari yake ya pekee, kwa kuwa majina hujirudia. Twaiba aliisoma sentensi hiyo, akaielewa vizuri sana, akaikataa. Hakuwa tayari kumwahidi bibi yake jina kisha amgeuze nambari kwa siri. Aliyeandika kitabu, alijiambia, hakulelewa na mtu. Basi katika ghala la seva yake kila mtu alijulikana kwa jina lake na la babake, basi. Tena akaongeza hekima yake mwenyewe. Alijua kwamba netwaki ikisuasua watu wa kwao hubonyeza kitufe tena na tena kama wanaobisha hodi kwa jirani kiziwi, na mtu mmoja angeweza kujiandikisha mara kumi. Kwa hiyo akaiagiza seva: likija jina ambalo umeshalipokea, usiongeze mtu mwingine, futa habari zake za zamani uweke hizi mpya.

Aliijaribu programu yake kwa kuwaomba wenzake wa hotelini wajiandikishe kwa utani. Jacktone akaandika kwamba haoni mshahara. Eddah akaandika kwamba anaona kupita kiasi. Watu wale walitoka kila pembe ya nchi, hapakuwa na wawili wenye jina na ubini mmoja, na seva ikawapokea wote kwa utaratibu wa kupendeza. Gedion alimpigia simu kumpongeza. Twaiba usiku huo alilala na kitabu kando ya mto, na hakuna aliyemcheka.

Lakini kijijini mambo ya majina ni mengine, na Twaiba alilijua hilo tangu anyonye. Mzee Boga wa zamani alizaa Shutu na bibi Mwanapili. Shutu akazaa mwana, akampa jina la babake, Boga. Boga huyu akazaa binti, akampa jina la shangazi yake, Mwanapili. Tayari hapo pana Mwanapili Boga wawili, mmoja mkongwe na mwingine wa miaka tisa, na ndivyo ilivyo katika kila nyumba, jina linakwenda kwa babu na kurudi kwa mjukuu, ili pasiwe na mtu anayekufa akapotea kabisa. Wenye jina moja huitana somo, hutaniana, huombana zawadi za Idi. Twaiba mwenyewe jina lake ni la nyanya mzaa baba. Alilijua lote hilo, ila halikumjia kwamba seva hailijui.

Basi watu wakajiandikisha kwa wiki mbili. Bibi Mwanapili alikuwa wa kwanza, kwa mkono wa mjukuu wake, na alitaka asomewe jina lake mara tatu. Siku kadhaa baadaye Boga mwana wa Shutu, ambaye ni binamu ya mama yake Twaiba, alimjazia binti yake kwa simu, kwa sababu mwalimu alilalamika kwamba mtoto haoni ubao.

Siku ya madaktari ilipowadia, uwanja wa kituo ulikuwa na hema, viti, na upepo mzuri baada ya mvua. Gedion alikuwa na likizo, akaja kusaidia, akapewa kazi ya kulinda waya wa laptopu usikanyagwe. Hapakuwa na msukumano wala karatasi za nambari. Sista Concepta alisoma majina kwenye kioo, na kila aliyeitwa alinyanyuka kwa heshima zake. Bibi alikaa mstari wa mbele katika kanga mpya, fimbo mapajani, shingo imenyooka. Twaiba alimwona akaona raha hadi kooni.

"Mwanapili Boga," Sista Concepta akaita.

Bibi akasimama. "Abee."

"Abee," ikasema sauti nyingine nyembamba nyuma yake, na msichana wa miaka tisa akasimama pia, ametiwa wanja na mamake kana kwamba anakwenda harusini.

Sista Concepta akainamia kioo. "Mwanapili Boga, miaka tisa. Shida yake, haoni ubao shuleni."

Hema zima likacheka. Bibi naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ubao mimi nilipishana nao zamani, sista. Huyo ni somo yangu, mpeni haki yake. Haya, na mimi niko wapi?"

Concepta alishuka na majina, akapanda, akashuka tena. Orodha ya upasuaji ilikuwa imeshachukuliwa na daktari kutoka humohumo kwenye kompyuta, na ilikuwa imejaa. "Bibi," alisema kwa upole, "humu hauko."

Bibi akatafuta mgongo wa kiti kwa mkono mmoja. "Kama humu simo," alisema, "basi niko nyumbani." Akashika fimbo, akaanza kuelekea langoni.

Twaiba aliona kosa lake lote kwa mara moja, kama mtu anayewasha taa akakuta chumba hakijafagiliwa. Kila aliyefuatiwa na somo yake alikuwa amefutwa, na somo huyo kuwekwa mahali pake. Aliiona pia njia ya bibi kwenda langoni, na alijua kwamba akivuka pale hatarudi mwaka huu wala mwakani, na kwamba mwenye kuyafunga macho yale moja kwa moja atakuwa yeye.

Gedion akamnong'oneza haraka. "Sema netwaki imeanguka. Wacha tu iwe hiyo, watu wamezoea. Wataambiwa warudi kesho, we utafiksi usiku."

Ulikuwa ushauri mzuri, na nusu ya ofisi za nchi hii zinaishi kwa huo. Twaiba hakuufuata. Alisimama juu ya kiti.

"Assalamu alaikum, wazee wangu, na shikamooni. Netwaki iko salama, wala mashine haina kosa. Kosa ni langu mimi Twaiba. Niliiambia mashine kwamba jina moja ni mtu mmoja, nami nimezaliwa hapa. Mkinilaumu ni haki yenu."

Bibi, hatua chache kabla ya lango, alisimama. Hakugeuka, lakini alisimama.

"Sasa naomba," Twaiba akaendelea, "kila mwenye somo yake aliyejiandikisha hapa, asimame."

Kwanza akasimama mzee mmoja, Jefwa, na mjukuu wake Jefwa. Kisha mama wawili walioketi pamoja. Kisha mstari mzima. Baada ya muda ilikuwa rahisi kuhesabu waliokaa. Watu wakaanza kutazamana na kuitana kutoka upande hadi upande, somo, hata wewe macho mabovu, kumbe tumerithishana mpaka hilo, na hema likawa na kelele za Idi.

"Jamani," akasema Sista Concepta, ameshika kichwa, "ninyi watu hamna majina mengine?"

"Yapo, mwanangu," mzee Jefwa akamjibu, "lakini hayo mengine si ya watu wetu."

Daktari wa macho alitoka kuuliza kelele ni za nini. Akaelezwa. Alitazama saa, akasema waliofutwa kama wanahitaji kupasuliwa atawapokea mwisho wa orodha, hata kama atachelewa kuondoka, lakini wapimwe kabla ya adhuhuri na apewe majina yasiyogongana. Hatapasua jicho la mtu kwa kubahatisha yeye ni Jefwa yupi.

Twaiba akafungua kitabu kwenye ile sura aliyoikataa. Aliiagiza seva impe kila mtu nambari yake, akaiondoa ile amri ya kufuta, na kwenye ukurasa wa mbele akaongeza swali moja ambalo kitabu hakikulijua: wewe ni wa mama gani? Gedion alishikilia waya kwa mikono miwili kama aliyekamatia kamba ya fahali, na alimkemea kwa Kikisii kila aliyepita karibu.

Alipoinua macho bibi alikuwa amesimama mbele yake. Hakujua amerudi saa ngapi. Aliyemshika mkono kumwongoza alikuwa yule msichana, somo yake.

"Nasikia watu wanasema umeweka nambari," bibi alisema.

"Nimeweka, bibi. Nilikuahidi sitaweka, na nimeweka. Bila hiyo mashine haiwezi kuwajua nyinyi wawili." Twaiba akamsogezea kiti. "Lakini imekaa huko nyuma, kwenye seva. Huioni, huisikii, wala sista haioni. Hapa mbele utaitwa jina lako."

Bibi alilipima jambo hilo kama alivyolipima tofali la kitabu. "Mimi sufuria zangu zote nina hesabu yake," alisema mwishowe. "Lakini mgeni akija namkaribisha chakula, simsomei hesabu. Nambari ikikaa jikoni haina neno. Andika. Mwanapili Boga, wa mama Mwanaima."

Twaiba aliandika. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Aliyejiandikisha wa kwanza akaitwa wa mwisho. Jua lilikuwa limeshapinda sana, viti vingi vimebaki vitupu, na yule Mwanapili mdogo alikuwa ameshapimwa na kuahidiwa miwani, lakini alikataa kuondoka mpaka somo yake aitwe. Bibi alikaa na shingo yake ileile iliyonyooka, akila mabuyu aliyopewa na mzee Jefwa, na kila alipoulizwa kama amechoka alijibu kwamba kuchoka ni kwa wasio na miadi.

"Mwanapili Boga," Sista Concepta akaita, "wa mama Mwanaima."

"Abee," akasema bibi. Akampa mtoto fimbo yake aishike, akaingia.

Asubuhi ya pili walirudi kuondolewa bendeji: bibi, Twaiba, na Boga na binti yake. Twaiba hakuwa amelala vizuri. Programu ikiharibika, mtu hurudi akaisahihisha, lakini jicho ni jicho. Sista Concepta aliketi mbele ya bibi, akabandua pole pole bendeji ya jicho moja lililopasuliwa mwaka huu, akamwambia afungue bila haraka.

Bibi alifungua. Alipepesa. Jicho lilikuwa jekundu kidogo na lilitoa maji, likazunguka chumbani likigusa kitu kimoja baada ya kingine: dirisha, beseni, kalenda ukutani.

"Sista," alisema, "kumbe wewe ni mnene hivi. Sauti yako ni ya mtu mwembamba."

"Ahsante, bibi," akasema Concepta.

Jicho likamfikia Twaiba, likakaa kwake. "Na wewe, mke mwenza, umekonda. Kitabu hicho kinakula nini kama si wewe?"

Twaiba alimshika bega.

"Yuko wapi mwenzangu?" bibi akauliza.

Boga akamsukuma binti yake mbele taratibu. Macho ya bibi yalianza kufifia wakati mtoto huyu bado akibebwa mgongoni, na tangu hapo alimjua kwa sauti na kwa kichwa anachokipapasa. Bibi aliushika uso ule kwa viganja viwili, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama paji, akatazama masikio, akatazama pengo la jino mbele.

"Twaiba," alisema, "mashine yako ilikuwa kipofu kuliko mimi. Mtu anatuchanganyaje sisi wawili? Huyu ana masikio ya mamake."

Mtoto akacheka, na bibi akakitazama hata kicheko, jinsi kinavyokunja pua. Hakumwachia. Maji yalizidi kumtoka jichoni, yakafika kidevuni.

"Bibi, usilie," Sista Concepta akamwambia. "Jicho bado bichi."

"Silii," akasema bibi. "Natazama."